Elden Ring: jinsi ya kulinganisha bildi kabla hujachoma pointi zako

Kila nikikaa na washkaji wa gemu swali ni lile lile, "kaka, Elden Ring bildi gani kali?", nikijibu "inategemea" mtu ananuna kama nimemnyima hela. Bildi ni ule mpangilio wa pointi na silaha unaompa mhusika wako. Sasa ngoja niandike hapa jinsi mimi ninavyolinganisha, alafu kila mtu akapige hesabu zake mwenyewe.

Kwanza tukubaliane kitu kimoja. Hii gemu imetoka 25 Februari 2022 na tangu hapo watu wameimaliza kwa kila namna, wapo walioanza na Wretch, yule mhusika wa kuanzia anayekuja na rungu na nguo ya ndani tu, wakamaliza bila kuongeza levo hata moja (kila levo ni pointi moja ya kuweka kwenye stati). Kwahiyo kuuliza kama bildi fulani "inawezekana" ni swali la bure, zote zinawezekana. La kuuliza ni bei. Itakula pointi ngapi, itakula mawe mangapi ya mhunzi ya kuongezea nguvu silaha, itaanza kufanya kazi ukiwa wapi kwenye gemu, na ikifika kwa bosi gani itakugeuka. Hayo ukiyajua unaweza kuweka bildi mbili mezani na kusema hii kwangu mimi ndiyo, ile hapana.

Nilijifunza kwa kuumia. Mara ya kwanza niliona video jamaa anamfyeka bosi na Rivers of Blood, ile katana ya blidi, yaani ya kumtoa adui damu, nikasema hii hii. Nikaanza kumwaga pointi kwenye Arcane, stati inayoipa blidi nguvu, tangu Limgrave, eneo la mwanzo, siku ya tatu ndo nagundua ule upanga unapatikana Mountaintops of the Giants, pale Church of Repose, anakuja kukuvamia Okina ukimuua ndo anauachia. Yaani kule ni karibia mwisho wa gemu! Nimepita mabosi Margit na Godrick, na mji wa Leyndell mzima, na katana ya kuanzia huku pointi zangu zinasubiri silaha ambayo iko mlimani kwenye barafu. Bildi ilikuwa kali kweli, ila ilikuwa kali ya baadaye, na mimi nilikuwa napigwa sasa hivi.

Anza na damu

Hapa nikisema damu namaanisha ule mstari mwekundu juu kushoto, HP. Kutoa damu adui nitaita blidi tusichanganyane.

Kosa kubwa la watu wakilinganisha bildi ni kwamba mmoja kapewa Vigor (stati ya HP) 20 mwingine Vigor 50 alafu wanasema ya kwanza ina demeji kubwa, yaani inaumiza zaidi. Lazima iwe na demeji kubwa, si kaiba pointi kwenye uhai wake! Kwahiyo kabla ya yote funga Vigor sawa kwa bildi zote mbili. Vigor 25 inakupa HP 800, Vigor 40 inakupa 1450, Vigor 60 inakupa 1900, na ukienda mpaka 99 unafika 2100 tu. Angalia hiyo hesabu vizuri. Kutoka 25 kwenda 40 ni pointi 15 unapata HP 650. Kutoka 40 kwenda 60 ni pointi 20 unapata 450. Kutoka 60 kwenda 99 ni pointi 39 kwa HP 200, huo ni wizi wa mchana.

Ndo maana mimi nafunga 40 kwa katikati ya gemu na 60 kwa mwisho, na bildi yoyote ambayo haiwezi kusimama bila kula Vigor naiweka pembeni, sibishani na mtu.

Pointi zilizobaki

Chukua levo moja, tuseme 60, ndo uilinganishe hapo. Usilinganishe kwenye levo 150 kwa sababu kule kila kitu ni kitamu, na wengi wetu gemu yote tunaicheza chini ya hapo.

Mfano halisi. Unataka Moonveil, ile katana ya kichawi inayorusha mwanga, inapatikana Gael Tunnel kule Caelid ukimuua Magma Wyrm. Inadai Strength (nguvu) 12, Dexterity (wepesi) 18, Intelligence (akili ya uchawi) 23. Swali la kila mtu, kati ya wahusika wa kuanzia, nianze na Astrologer au Samurai? Tupige.

Astrologer anaanza levo 6, akifika 60 ana pointi 54 za kutumia. Vigor yake ni 9, kuipeleka 40 zinaondoka 31. Zimebaki 23. Strength kutoka 8 kwenda 12 ni 4, Dexterity kutoka 12 kwenda 18 ni 6. Zimebaki 13, zote unazitupa kwenye Intelligence, 16 inakuwa 29.

Samurai anaanza levo 9, akifika 60 ana pointi 51. Vigor 12 kwenda 40 ni 28. Zimebaki 23. Strength 12 anayo tayari, Dexterity 15 kwenda 18 ni 3. Zimebaki 20, Intelligence kutoka 9 inakuwa... 29.

Umeona? Wamekutana pale pale. Watu wanatukanana kuhusu hili wakati tofauti yote iliyobaki ni kwamba Astrologer ana Mind (inayokupa FP, nishati ya ujuzi na uchawi) 15 na Endurance (stamina na kubeba mzigo) 9, Samurai ana Mind 11 na Endurance 13. Yaani unachagua kati ya kutumia ujuzi wa upanga mara nyingi zaidi au kuvaa siraha (mavazi ya vita) nzito kidogo na kukimbia bila kuhema. Mimi nachukua Samurai kwa sababu anaanza na Uchigatana na upinde, masaa ya mwanzo ni mepesi, ila mtu akichukua Astrologer simwambii kitu, hesabu yake iko safi.

Sasa weka pembeni yake bildi ya Strength. Vagabond, mhusika mwingine wa kuanzia, levo 9, pointi 51 mpaka 60. Vigor yake ni 15 tayari, kwahiyo 25 tu zinatosha kufika 40. Zimebaki 26. Tupa 20 kwenye Strength inakuwa 34, tupa 6 kwenye Endurance inakuwa 17. Na hapa kuna utamu ambao wengi hawaujui, ukishika silaha moja kwa mikono miwili gemu inahesabu Strength yako mara moja na nusu, kwahiyo 34 yako inasomeka 51. Ile Greatsword kubwa kama mlango, ya kwenye mkokoteni kule Caelid, inadai Strength 31 na Dexterity 12, lakini ukiishika mikono miwili Strength 21 tu inatosha. Ukifika 54 mikono miwili inasomeka 81, na 66 inasomeka 99. Hamna stati nyingine inayopewa bonasi ya bure namna hii. Dexterity haipewi, Intelligence haipewi. Ndo maana kwa mtu anayecheza mara ya kwanza akiniuliza nitamwambia Strength kabla hajamaliza sentensi.

Mawe ya mhunzi, hapa ndo bildi nyingi zinakufa

Silaha za kawaida zinapanda mpaka +25 na kila hatua tatu zinakula mawe 2, alafu 4, alafu 6, jumla 12. Mpaka +24 umekula mawe 96, alafu +25 jiwe moja la joka. Silaha maalum, zile za mawe ya Somber, zinapanda mpaka +10 na kila hatua ni jiwe moja. Kumi tu. Moonveil ni ya Somber. Blasphemous Blade ya Somber. Rivers of Blood ya Somber. Uchigatana ni ya kawaida, na wale wanaoshika Uchigatana mbili kwa ajili ya blidi, ile bildi ya mapanga mawili inayosifiwa kila kona, maana yake ni mawe 192 kabla hata hujafika kwenye lile la joka. Ukikusanya zile Bell Bearing za wachimbaji, vitu vinavyofungua mawe dukani, unaweza kuyanunua Roundtable Hold, kambi yako kuu, sawa, ila runes, hela ya gemu, ni zako na utazitafuta.

Na silaha kuongezwa ni muhimu kuliko levo, hili nalirudia kila siku. Nguvu ya msingi ya silaha ya kawaida kutoka +0 mpaka +25 inapanda zaidi ya mara mbili hata kama hujaongeza pointi moja, wakati pointi tano za Dexterity pale mwanzoni hutazihisi. Sasa mtu anakuja kuniambia "nimejaribu bildi ya katana na ya nyundo, nyundo ni bora", namuuliza katana ilikuwa ngapi, anasema +3, nyundo ngapi, +9. Umelinganisha nini hapo? Weka zote hatua sawa, na kumbuka Somber +4 ni kama ya kawaida +10, zidisha kwa mbili na nusu utapata mle mle.

Jinsi ya kujaribu mkononi

Karatasi imeisha, sasa ingia uwanjani. Tafuta adui mmoja mgumu kiasi, mwenye siraha, ambaye ukikaa kwenye grace, ile sehemu ya kupumzika, anafufuka. Mpige na bildi ya kwanza, hesabu mapigo mangapi kafa, chupa ngapi za kujirudishia HP umekunywa. Rudia mara kumi, usifanye mara moja ukasema tayari, mara moja ni bahati. Badilisha silaha, rudia na adui yule yule. Inachosha, najua.

Ila adui wa barabarani hakuambii yote, bosi ndo anasema ukweli, kwa sababu kwa bosi kinachohesabika ni upenyo, yaani ule muda mfupi baada ya yeye kumaliza pigo lake na kabla hajaanza lingine. Demeji kwenye skrini ya stati ni kitu kimoja, demeji unayoweza kuiingiza kwenye upenyo ni kitu kingine kabisa.

Chukua Margit. Anainua ile fimbo yake, anaiacha juu, anaiacha, wewe umeshabiringita kwa woga, ndo anaishusha na inakukuta unaamka. Wote tumepita hapo. Ukishamzoea unasubiri ishuke ndo unabiringita kuelekea kwake, unatokea ubavuni, upenyo ni huo. Na Uchigatana mimi nilikuwa naingiza mapigo mawili, ya tatu nikiwa na tamaa napigwa mkia. Na Greatsword nilikuwa naingiza moja, tena ya kuruka, ile ya kawaida ilikuwa inachelewa nakula kisu chake cha mwanga usoni. Ukiangalia hivyo utasema katana imeshinda, mbili kwa moja. Lakini yale mapigo ya kuruka ya silaha nzito yanamvunja msimamo, ukishampiga machache anapiga goti, unamfuata mbele unamchoma lile pigo la kumaliza, na wakati anaamka unapata nafasi ya kunywa chupa. Katana haikunipa hiyo. Kwahiyo andika vitu vitatu kwenye simu yako, mapigo kwa kila upenyo, amepiga goti mara ngapi, chupa ngapi. Demeji ya skrini iache.

Kwa mchawi upenyo ni tofauti maana yuko mbali. Yeye hesabu FP. Uchawi mzuri ni ule ambao chupa zako za bluu zinautosha mpaka bosi anakufa. Wale wa Comet Azur, ile laser, ukiiona kwenye video unalia kwa furaha, bosi anayeyuka, ila inadai Intelligence 60, na ili iwake vile unahitaji chupa ya Wondrous Physick yenye ile tear inayozuia FP kupungua kwa sekunde chache, na bosi asimame hapo hapo akusubiri. Bosi gani anasimama? Wachache. Kwangu hiyo ni shoo.

Lakini mchawi wa mwanzoni ni hatari, na ni bei rahisi. Meteorite Staff na uchawi wa Rock Sling vyote viko Street of Sages Ruins, kwenye lile dimbwi jekundu la Caelid, vyote vinadai Intelligence 18. Unapanda Torrent, farasi wako, unakimbia bila kupigana na mtu, ukifa umekufa, vitu umeshachukua. Ile fimbo inapendelea Intelligence kwa herufi S, daraja la juu kabisa, haiongezwi kwa mhunzi hata kidogo, kwahiyo mawe sifuri, na inaongezea nguvu uchawi wa gravity kama huo Rock Sling. Saa moja tu ya gemu na una bildi inayofanya kazi. Baadaye utaiacha maana haikui, lakini mpaka hapo imeshakubeba mbali.

Inakwama wapi

Usiipime bildi kwa Malenia, yule bosi mgumu, peke yake. Malenia si wa lazima, unaweza kumaliza gemu hujawahi kumuona. Pima kwa wale wa lazima: Morgott, Fire Giant, Maliketh, Godfrey, Radagon na Elden Beast. Hao utawapita upende usipende.

Bildi ya moto inalegea kwa Fire Giant, jina lenyewe linakwambia. Bildi ya holy, ile demeji takatifu, ni tamu kwa mifupa na wafu wanaofufuka, alafu unafika mwisho kabisa Radagon na Elden Beast wanaila holy yako kama chai, yaani gemu inakuadhibu bosi wa mwisho kwa bildi uliyoilea miezi. Blidi inatisha kwa karibu kila mwenye nyama, na Malenia inamuingia vizuri, ila Elden Beast haimgusi, mifupa haiwagusi. Uchawi wa kawaida wa bluu unagonga ukuta kwa Rennala, bosi mchawi, ndo pale Rock Sling inakuokoa kwa sababu yale mawe ni pigo la kawaida la mwili sio la kichawi. Na bildi ya kujificha nyuma ya ngao ni salama karibu gemu nzima, lakini Malenia akikupiga hata kama umekinga anajirudishia damu, hapo ngao yako inamlisha.

Strength tupu haina ukuta wa namna hii. Hamna bosi anayekataa kabisa kupigwa na chuma. Kinachoikwamisha ni uzito, ukizidi asilimia 70 ya mzigo unabiringita kama gunia la viazi, kwahiyo Endurance utailipia tu.

Blasphemous Blade ndo ninayoiheshimu zaidi kwa bei. Strength 22, Dexterity 15, Faith 21, Vagabond akiwa levo 60 na Vigor 40 anaitimiza na anabakiwa na pointi 4. Mawe kumi. Ujuzi wake, Taker's Flames, unapiga mbali na unakurudishia damu, na kila adui akifa karibu yako unapata damu kidogo tena. Tatizo ni lile lile la "lini", lazima umuue Rykard kule Volcano Manor ndo upeleke kumbukumbu yake kwa Enia, yule bibi wa Roundtable Hold. Kwahiyo cheza Strength mpaka hapo, pointi zako hazijapotea maana Strength inatumika, alafu hamia. Bildi nzuri kwangu ni ile yenye njia ya kufika.

Mambo mawili ya haraka. Video yoyote angalia tarehe. Machi 2022 ilitoka patch (sasisho la gemu) 1.03 ikapunguza makali ya Mimic Tear, roho msaidizi, na Hoarfrost Stomp, ujuzi wa barafu, na mpaka leo kuna watu wanatengeneza bildi za wiki tatu za kwanza za gemu. Na kama unaenda kwenye DLC, ile nyongeza ya gemu, Shadow of the Erdtree ya Juni 2024, kule hesabu ya levo inashuka thamani, kinachobeba ni Scadutree Blessing, baraka unayoipandisha kwa vipande unavyookota, ambayo inapanda mpaka 20. Nilimuona mtu wa levo 150 anapigwa na askari wa njiani mara mbili amekufa, anasema bildi mbovu. Nikamuuliza blessing ngapi, hakuwa ameokota hata kipande kimoja. Ukilinganisha bildi kule, blessing iwe sawa kama tulivyofunga Vigor, la sivyo unajidanganya.

Na usiogope kukosea. Ukimshinda Rennala hafi, anakuwa rafiki, unampa Larval Tear moja anakupangia pointi zako upya zote. Mimi nina tear tatu nimezihifadhi. Moja nilishaipangia bildi ya Arcane na mapanga mawili, nimehesabu kila kitu kwenye daftari, kilichobaki ni mawe, nina 61.